Kasi haiui prosesa, volti na joto ndivyo vinavyoila: jibu kwa mhariri wa video wa Kamalondo

«Yaya, jambo sana. Niko na studio ndogo ku Kamalondo, hapa Lubumbashi, tunapiga na kuhariri video za ndoa. Mwaka jana nilinunua kompyuta ya okazyon (iliyokwisha kutumiwa) yenye prosesa ya Intel Core i7-4790K. Rafiki yangu anayependa michezo ya kompyuta aliingia kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe, akaongeza kasi kutoka 4.4 GHz hadi 4.8 GHz, na volti akaipandisha hadi 1.40. Inakwenda vizuri, lakini nikitoa video ya ndoa nzima joto linafika nyuzi 94, hata sasa mwezi wa saba wakati wa baridi, na feni inalia kama ndege. Jirani mmoja fundi ameniambia prosesa itakufa ndani ya mwaka. Rafiki yangu anakataa, anasema haiwezi kufa kwa sababu ikifika nyuzi 100 inajikinga yenyewe. Kuran (umeme) huku kwetu inakatika ovyo na mara nyingi tunafanya kazi usiku. Mashine hii ndiyo inalisha nyumba. Nani anasema kweli? Nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa?»

Mdogo wangu, jambo. Ndani ya barua yako kuna maswali mawili. La kwanza ni kama ovakloki, yaani kuisukuma prosesa, ubongo wa kompyuta, ipite kasi iliyopangiwa kiwandani, inaifupishia maisha. La pili, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, ni kama mashine inayolisha nyumba yako itakuwa hai msimu ujao wa ndoa.

La kwanza nalijibu hivi: ndiyo, inaweza kuifupishia maisha, lakini kinachoyafupisha si kasi yenyewe. La pili: ukiendelea na volti 1.40 na nyuzi 94, hata mimi ningekuwa na wasiwasi. Lakini dawa yake ni kazi ya jioni moja, na haina gharama kubwa. Jirani yako amekutisha kupita kiasi na rafiki yako amekutuliza kupita kiasi, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Tuanze na kasi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanafikiri prosesa ni kama injini ya lori la shaba linalokwenda mpakani Kasumbalesa: ukilikanyagia sana, vyuma vinasagana na kwisha. Ndani ya prosesa hakuna vyuma vinavyosagana. Kuna transista, na katika hiyo yako ziko takriban bilioni 1.4, kila moja ikiwa swichi ndogo ya kufungua na kufunga njia ya umeme. Kusema prosesa ina 4.4 GHz ni kusema mapigo yake ni bilioni 4.4 kwa sekunde. Ukiyafanya bilioni 4.8 bila kugusa kitu kingine, umeme unaotumika unaongezeka kwa kiasi kilekile mapigo yalivyoongezeka, yaani asilimia 9 hivi. Hilo ni jambo dogo.

Tatizo ni kwamba kila swichi inahitaji muda wa kutulia kabla ya pigo linalofuata. Mapigo yakikaribiana mno, swichi nyingine zinachelewa, hesabu zinakosewa, na kompyuta inaganda au inajizima. Hapo mtu wa ovakloki anafanya kile alichokifanya rafiki yako: anapandisha volti ili swichi zisukumwe kwa nguvu zaidi na ziwahi. Gharama inaanzia hapo, na inapanda haraka kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu matumizi ya umeme ndani ya prosesa yanafuata mraba wa volti.

Chukua namba zako. Prosesa nyingi za aina yako zinamudu 4.4 GHz kwa volti 1.20 hivi. Kutoka 1.20 hadi 1.40 si ongezeko la asilimia 17 tu la matumizi. Ukilipiga mraba linakuwa asilimia 36. Zidisha na ile asilimia 9 ya mapigo, unapata karibu asilimia 48. Prosesa iliyouzwa ikiwa ya wati 88 sasa inakula wati 130 hivi. Umelipa nusu ya umeme zaidi ili upate chini ya sehemu moja ya kumi ya kasi. Kwa lugha ya studio yako, video iliyokuwa inatoka kwa saa nzima sasa inatoka kwa dakika 55. Zishike akilini hizo dakika tano, nitazirudia.

Sasa tuingie ndani, tuone kinachochakaa.

Sisi wa Lubumbashi tuna bahati ya kulielewa jambo hili upesi, kwa sababu linahusu shaba. Transista zinaunganishwa na nyaya za shaba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Zamani nyaya hizo zilikuwa za alumini. Mwaka 1997, mwaka uleule jimbo letu lilipoacha kuitwa Shaba na kurudi kuitwa Katanga, kampuni ya IBM ilitangaza kwamba imeweza kutumia shaba ndani ya chipu, na wengine wakafuata. Katika prosesa ya kizazi chako, waya mwembamba kabisa una upana wa nanomita 40 hivi. Unywele wa mtu una kama nanomita 80,000, kwa hiyo unaweza kuzilaza nyaya kama hizo elfu mbili ubavu kwa ubavu ndipo uufikie unene wa unywele mmoja.

Katika nyaya hizo nyembamba unapita mkondo mkubwa. Gawanya wati kwa volti: wati 88 kwa 1.20 ni ampea 73, na wati 130 kwa 1.40 ni ampea 93. Fyuzi ya soketi ya nyumbani mara nyingi ni ya ampea 16. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana sehemu ya umeme inakwenda kwenye mambo mengine ndani ya chipu, lakini ukubwa wenyewe ndio huo. Ampea 90 zinagawanyika katika mamilioni ya nyaya za shaba zisizoonekana kwa macho.

Ukiuliza wazee waliofanya kazi kwenye mabwawa ya umeme ya Shituru, kule Likasi, watakwambia kwamba shaba inasafiri. Inakuwa imeyeyuka katika maji ya asidi, umeme unapita, nayo inatoka ndani ya maji na kujibandika kwenye bamba, punje kwa punje, mpaka bamba linakuwa nene. Ndani ya prosesa hakuna maji wala asidi, na namna shaba inavyosukumwa ni nyingine. Pale elektroni zinapita kwa wingi na kuzigonga atomi za shaba, kama upepo mkali unavyosogeza mchanga. Pigo moja si kitu, lakini yakipita mabilioni na mabilioni kwa miaka, atomi zinahama taratibu kuelekea upande ambao elektroni zinakwenda. Zilikotoka linabaki tundu, na zilikokwenda kinaota kichuguu. Tundu likikua, waya unakuwa mwembamba, unapitisha umeme kwa shida, na mwisho unakatika. Kichuguu kikikua, kinaweza kugusa waya wa jirani.

Mwaka 1969 James Black, aliyekuwa Motorola, aliandika kanuni ya kukadiria jambo hili, na mpaka leo mafundi wa chipu wanaanzia hapo. Inasema mambo mawili. Kwanza, maisha ya waya yanapungua kwa mraba wa msongamano wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, maisha yanabaki robo. Pili, joto linaongeza uhamaji wa atomi, tena si kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka bali kwa kujizidisha. Ukitia namba zako, kutoka ampea 73 hadi 93, mkondo peke yake unaacha kama asilimia 62 ya maisha ya mwanzo ya waya. Bado hatujagusa joto.

Kuna kitu cha pili kinachochakaa, nacho ni ngozi ya kuhami iliyo kwenye lango la kila transista. Ni nyembamba sana, nanomita chache tu, kiasi kwamba hata volti moja na kidogo ikikaa juu yake inaleta mkazo wa mamilioni ya volti kwa kila sentimita. Chini ya mkazo huo, na hasa kukiwa na joto, chaji zinanasa ndani ya ngozi na hazitoki zote. Transista inakuwa nzito kufunguka. Jana ilitosheka na volti 1.20 kwa mapigo yaleyale, kesho inadai 1.22, mwakani 1.25. Sehemu ya uchovu huu inapona kompyuta ikizimwa, lakini sehemu nyingine inabaki. Wanaoishi na ovakloki kwa miaka wanaijua hali hii: mpangilio uliokuwa imara unaanza kuyumba bila sababu ya kuonekana. Anayejibu kwa kuongeza volti tena anazidi kuharakisha ugonjwa uleule anaotaka kuutibu.

Kuhusu joto, mafundi wana kanuni ya mkononi: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, uchakavu unakwenda mara mbili hivi. Si kanuni ya mbinguni, lakini inatosha kukuonyesha ukubwa wa jambo. Kati ya nyuzi 70 na 94 uchakavu unakwenda karibu mara tano zaidi. Ndiyo maana nasema kasi si mhalifu. Mtu mwenye 4.8 GHz kwa volti ndogo na nyuzi 65, kwa bahati ya chipu nzuri, anaitunza prosesa yake kuliko mwenye 4.4 GHz aliyeacha kipozeo kikazibwa na vumbi mpaka nyuzi 95.

Sasa nimjibu rafiki yako. Ni kweli kwamba prosesa yako ikifika nyuzi 100 inajipunguzia kasi, na joto likizidi mno inajizima. Kinga hiyo inazuia isiungue leo jioni. Haizuii kuzeeka. Shaba haingoji nyuzi 100 ndipo ianze kuhama. Inahama kwa nyuzi 60, inahama zaidi kwa 80, na kwa 94 inakimbia. Tena kinga yenyewe inapoamka inakupokonya kasi uliyoitafuta. Umeandika kwamba nyuzi 94 ni za mwezi wa saba, wakati tunavaa makoti. Mwezi wa kumi chumba chako kikiwa na nyuzi 10 au 12 zaidi, prosesa nayo itataka kupanda kwa nyuzi kama hizo. Itagonga 100, itajipunguza, na huenda ukakuta inafanya kazi polepole kuliko kabla rafiki yako hajaigusa.

Na jirani aliyesema mwaka mmoja? Hana msingi wa kutaja mwezi wala mwaka. Chipu mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani. Matumizi pia yanabadilisha hesabu yote: prosesa inayotoa video saa tatu kwa usiku si sawa na ile iliyo chini ya mzigo usiku na mchana. Yako inaweza kudumu miaka mingine mitatu hivyo hivyo. Inaweza pia kuanza kukosea hesabu katikati ya ndoa ya mtu miezi michache ijayo. Mtu anayecheza michezo anaweza kuicheza bahati nasibu hiyo. Wewe mwenye mkataba na familia ya bibi harusi, sikushauri.

Mtu akikwambia kwamba kipozeo kizuri kinaruhusu volti yoyote, mkumbushe yaliyotokea miaka ya 2002 na 2003. Kulikuwa na Pentium 4 za aina ya Northwood, zikipendwa sana na watu wa ovakloki. Wengi walizisukuma hadi volti 1.7 na zaidi, baadhi wakiwa na vipozeo vya nguvu, na zikawa zinakufa ghafla baada ya wiki au miezi. Joto lilikuwa limedhibitiwa. Volti ndiyo iliyoziua. Wala usidhani mpangilio wa kiwandani ni mtakatifu. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D za AMD ziliungua kwa sababu ubao mama ulikuwa unazipa sehemu moja ya chipu volti kubwa mno, na AMD ikaweka kikomo cha 1.3 kwa sehemu hiyo. Mwaka 2024 Intel nayo ilikiri kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kuzeeka mapema. Mwezi wa nane ikatoa marekebisho yanayozuia kuomba zaidi ya 1.55, na garanti ikaongezwa miaka miwili. Yako ni ya mwaka 2014, hayaihusu. Nimeyataja kwa sababu makampuni yenyewe, yalipobanwa, yalikwenda kushika volti. Hayakushika kasi.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, na kwetu hapa lina uzito kuliko yote niliyosema. Kwa kompyuta zinazofika mezani kwangu, prosesa iliyokufa ni nadra sana. Nazoziona kila wiki ni pawa saplai zilizokufa, ile mafundi wetu wanaiita alimantasio, na ubao mama ulioumia. Aliwahi kuja kijana wa Katuba akiwa na majonzi: ameua prosesa kwa ovakloki. Nilipofungua alimantasio nilikuta kapasita tatu zimevimba vichwa. Nikaweka nyingine, mashine ikawaka, na prosesa yake mpaka leo ni nzima.

Kapasita nazo zinazeeka kwa joto. Ile ya kawaida yenye maji ndani inaandikwa, kwa mfano, saa 5,000 kwa nyuzi 105, na maisha yake yanakaribia kuwa mara mbili kila joto linaposhuka nyuzi 10. Kwa nyuzi 75 inafika saa 40,000, ambazo kwa mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku ni zaidi ya miaka 13. Lakini wati 40 ulizoiongezea prosesa hazitoki hewani. Zinapita kwenye alimantasio, zinapita kwenye sehemu ya ubao mama inayoandaa umeme wa prosesa, na kote huko zinaacha joto. Kompyuta ya okazyon ya zaidi ya miaka kumi ina kapasita zilizokwisha kula sehemu kubwa ya saa zao. Katika mashine yako naogopa kwamba kitakachokatika kwanza ni hicho, na kikikatika vibaya kinaweza kuondoka na vingine.

Ongeza kuran. Kukatika ghafla hakuiumizi prosesa sana. Kunaumiza faili unaloandika, na wakati mwingine diski. Kinachoua ni kurudi kwake, pale umeme unaporuka juu na kushuka kwanza ndipo utulie, wakati friji za mtaa mzima zinawaka pamoja. Kuran ikikatika, chomoa kompyuta ukutani. Ikirudi, subiri dakika tano au kumi kabla ya kuchomeka. Stabilizateri, ile ya kutuliza volti, ni nzuri; onduleri, yenye betri ndani, ni bora. Na kama usiku mnatumia jenereta ndogo, usiiunganishe moja kwa moja na mashine hii. Umeme wake unayumba kila mzigo unapoongezeka au kupungua.

Kisha vumbi, lile jekundu la kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Linaingia kati ya mapezi ya kipozeo na kutengeneza blanketi. Na sisi tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Feni ileile, ikizunguka vilevile, inabeba joto pungufu. Ukisoma kwenye intaneti kwamba mtu wa Ulaya anapata nyuzi 75 kwa volti fulani, kumbuka hewa yake ni nzito zaidi na chumba chake kina nyuzi 20. Usinakili namba zake.

Basi nifanye nini, unauliza. Ingekuwa mashine yangu na kazi ni hiyo yako, ningefuata njia hii.

Jioni moja isiyo na kazi, andika kwenye karatasi kila kitu alichobadilisha rafiki yako. Angalia kama volti aliiweka ya kudumu au ya kubadilika. Kama ni ya kudumu, prosesa inaweza kuwa inabaki na 1.40 hata unapoandika barua, na hilo ni uharibifu wa bure. Rudisha mpangilio wa kiwandani. Zima, chomoa, fungua, toa vumbi kwa brashi laini, huku umezuia feni isizunguke kwa kidole. Ng'oa kipozeo, futa krimu ya joto ya zamani kwa spiriti safi, paka mpya kiasi cha punje ya njegere, rudisha. Krimu iliyokauka miaka kumi peke yake inaweza kuwa inakuibia nyuzi 10. Usijaribu kufungua kofia ya chuma ya prosesa yenyewe, hata ukiona video inayofanya hivyo. Katika kizazi chako chini ya kofia kuna krimu na si risasi ya kuchomea, kwa hiyo faida ipo, lakini kisu kikiteleza kidogo tu, umeipoteza.

Baada ya hapo toa video moja ya kweli, ya saa nzima, ukiangalia joto kwa programu kama HWiNFO. Usitumie Prime95, programu ya kuitesa prosesa ili kupima uimara wake, kwa kazi hii. Matoleo yake mapya yanaibana prosesa ya kizazi chako kuliko video yoyote itakavyoibana, na volti ikiwa ya kubadilika yanaweza kuifanya ipande yenyewe. Ukiona nyuzi 75 au chini, uko pazuri. Kisha anza kushusha volti, si kupandisha: punguza 0.02, jaribu saa moja, punguza tena. Ikianza kuyumba, rudi hatua mbili juu uache hapo. Prosesa nyingi zinatoka kiwandani na akiba ya volti ili hata chipu dhaifu ifanye kazi, kwa hiyo mara nyingi kuna cha kupunguza. Wengi hawaifanyi hatua hii kwa sababu haionyeshi namba kubwa ya kumtambia mtu. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kama bado unataka kasi kidogo, 4.5 GHz kwa volti 1.22 inaongeza umeme kwa asilimia 6 tu. 4.6 kwa 1.26 inaongeza asilimia 15. Zaidi ya hapo, na hasa ukivuka 1.30 kwa kipozeo cha hewa, kila hatua inakugharimu mno. Na usiiachie bayosi ichague yenyewe volti za ovakloki, kwa kuwa kwa kawaida inajaza nyingi ili iwe na uhakika wa kuwaka.

Turudi kwenye zile dakika tano. Ndani ya prosesa yako tayari kuna kitengo kingine, Quick Sync, kilichomo katika sehemu ya picha ya HD 4600. Kazi yake ni kubana video kwa mtindo wa H.264, na kinaifanya huku viini vikuu vikipumua. Programu nyingi za kuhariri zina sehemu ya kuchagua kutoa video kwa maunzi badala ya programu. Kama umeweka kadi ya picha ya pembeni, huenda sehemu hiyo imezimwa; iwashe kwenye bayosi. Kwa ubora uleule faili linaweza kuwa kubwa kidogo, basi ongeza kiwango cha data. H.265, mtindo mpya zaidi wa kubana, kizazi chako hakiuwezi kwa njia hii. Lakini kwa video ya ndoa inayokwenda kwenye flashi ya mteja, utapunguza muda kuliko 4.8 GHz ilivyokupunguzia, na joto litashuka. Ukiwa bado unahariri kutoka diski ya zamani inayozunguka, SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, nayo itakupa faida ambayo hakuna volti itakayokupa.

Baadhi ya dalili usizitibu peke yako. Ukirudisha mpangilio wa kiwandani, joto likawa la chini, na bado mashine inajizima au inatoa video zenye mistari na vipande vya rangi visivyokuwepo kwenye picha ya asili, usiongeze volti. Prosesa inaweza kuwa imechakaa tayari, tena si lazima kwa mkono wa rafiki yako. Herufi K mwishoni mwa jina lake ina maana ilitengenezwa ikiwa wazi kwa ovakloki, na mwenye nayo wa kwanza huko ilikotoka huenda aliitumia hivyo kwa miaka. Lakini inaweza pia kuwa ni RAM au alimantasio, na kutofautisha kunahitaji vipuri vya kubadilishana na kipimo mkononi. Ukinusa harufu ya kuungua, au ukiona kapasita imevimba kichwa au inavuja, zima na uchomoe siku hiyohiyo. Usiifungue alimantasio mwenyewe. Ndani yake umeme mkali unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa.

Hapo mpelekee fundi mwenye kipimo cha umeme, anayekubali ukae uangalie anavyopima. Mpelekee kompyuta nzima, na kebo zake, na onduleri yake. Usimpelekee prosesa peke yake imefungwa kwenye karatasi: kwa aina yako vipini viko kwenye soketi ya ubao mama, na kimoja kikipinda wakati wa kuing'oa utakuwa umejiongezea ugonjwa wa pili. Nakili kwanza video za wateja ambazo hazijatolewa kwenye diski ya nje. Na beba ile karatasi yenye volti na joto kabla na baada. Mimi ndiyo ninayoiomba kwanza, hata kabla sijashika bisibisi.